UZI: Pasaka nne kwenye nyumba ya Wayahudi wasioamini Mungu

#1 – Mleta uzi

Wakuu, habari za wakati huu.

Mimi humu ni msomaji zaidi, kuandika ni mara chache. Ila wiki iliyopita mdau mmoja aliandika kwenye uzi mwingine kwamba Myahudi asiyeamini Mungu hayupo duniani, na kama yupo basi sikukuu zake ni maigizo. Nilitaka kumjibu palepale nikaona jibu ni refu. Hawa watu nimeishi nao, nimekula nao, na mmoja wao nimemwogesha na kumvalisha kwa mikono yangu. Nimeona nisinyamaze.

Mimi ni mzaliwa wa Moshi, nimelelewa Kilutheri, na nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani hapa Marekani. Kuanzia Februari 2015 nilimhudumia bibi mmoja kwenye viunga vya Detroit, jimbo la Michigan. Alikuwa na miaka 84. Nitamwita Bibi, maana ndivyo nilivyomwita, na nilipomweleza maana yake alifurahi mno, akakataa kuitwa jina lingine na mimi.

Siku ya kwanza tu aliniambia: "Mimi ni Myahudi, na Mungu simwamini. Hilo lisikupe shida." Nikasema sawa. Moyoni nikajua kwenye nyumba hii hakuna sikukuu.

Ilipofika Machi akaanza kunipa orodha. Mkate wote utoke ndani. Vyombo fulani vishushwe kabatini. Kitambaa cheupe cha mezani kipigwe pasi. Mwaka ule usiku wa kwanza wa Pasaka yao, ukumbusho wa Waisraeli kutoka utumwani Misri, uliangukia tarehe 3 Aprili, na hiyo kwetu ilikuwa Ijumaa Kuu. Kwa hiyo mimi, binti wa Kilutheri, Ijumaa Kuu jioni nimesimama jikoni nakuna mzizi mmoja mweupe unaofanana na muhogo mwembamba. Ukali wake unapanda puani hadi machozi yanatoka yenyewe. Ndiyo ile mboga chungu ya Kutoka 12. Bibi akaniangalia nalia, akasema vizuri, ndivyo inavyotakiwa.

Mezani kuna sahani moja ya katikati: mfupa wa kondoo uliochomwa, yai, ule mzizi, majani mabichi ya kuchovya kwenye maji ya chumvi (hayo ni machozi ya watumwa), na mchanganyiko wa tofaa, karanga za kizungu, mdalasini na divai unaofanana na udongo wa matofali ya Farao. Kando yake matza, mkate mkavu usiotiwa chachu, kama biskuti kubwa yenye vitundu. Kila mtu ana kitabu chake kinachoitwa Hagada, ndicho kinachoongoza usiku mzima. Hagada za nyumba ile hazikuwa za dukani. Zilikuwa karatasi za kutoa kopi zilizobanwa kwa pini, zimejaa madoa ya divai ya miaka na miaka.

Mtoto mdogo kuliko wote ndiye anayefungua. Anauliza: kwa nini usiku huu ni tofauti na usiku mwingine wote? Yule mjukuu alikuwa na miaka sita, sauti inatetemeka, na watu wazima ishirini wamenyamaza kumsikiliza yeye.

Wakafika kwenye mapigo kumi. Hapo kila mtu anachovya kidole kwenye glasi ya divai, na kwa kila pigo anadondosha tone moja kwenye sahani. Damu. Vyura. Chawa. Hadi mzaliwa wa kwanza. Nikamuuliza jirani yangu mezani kwa nini, akaninong'oneza kwamba divai ni furaha, na Wamisri nao walikuwa watu, kwa hiyo hatunywi glasi iliyojaa wakati wengine wamezika watoto wao. Mimi kisa hicho nimekisikia tangu shule ya Jumapili na sikuwahi hata mara moja kuwaza mama wa Kimisri. Niliangalia yale matone kumi mekundu kwenye sahani nyeupe nikashindwa kumeza.

Mwishoni wakamimina glasi ya nabii Eliya na mtoto akatumwa kufungua mlango wa mbele ili Eliya aingie. Baridi ya Michigan ya Aprili ikaingia hadi mezani. Hakuna aliyecheka. Wakakaa hivyo kidogo, mlango wazi, kisha wakafunga.

Wageni walipoondoka, nikiwa naosha vyombo, nikamuuliza: "Bibi, kama hakuna Mungu, ule mlango mmemfungulia nani?"

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba mama yake aliufungua, na bibi yake aliufungua huko Bialystok, Poland, akiwa anaogopa aliyeko nje. Enzi hizo majira ya Pasaka ndiyo yalikuwa majira ya kushambuliwa: walizushiwa kwamba wanatia damu ya watoto wa Kikristo kwenye mkate, na huko Kishinev (leo Chisinau, Moldova) mwaka 1903 mauaji yalianza siku yenyewe ya Pasaka ya Wakristo. Wale waliufungua mlango huku wakiogopa. "Mimi ninayeishi salama," akasema, "niuache umefungwa kwa sababu gani?"

Nitaendelea. Karibuni kwa maswali, ila naomba siasa za Mashariki ya Kati tuziache kwenye nyuzi zake.

#2 – Mdau wa Dodoma

Naweka kambi hapa. Dada tiririka.

#3 – Mtumishi, Mbeya

Dada, asante kwa simulizi, nimeisoma yote. Lakini naomba unieleweshe. Kutoka 12 inasema ni pasaka ya BWANA. Ukimtoa BWANA kinabaki nini hapo? Mimi naona kinabaki chakula cha jioni. Na mtu asiyeamini tunamwitaje Myahudi? Uyahudi si dini?

#4 – Mleta uzi

Mtumishi, asante kwa kuuliza kwa upole.

Uyahudi ni dini na ni watu, vyote kwa pamoja. Aliyezaliwa na mama Myahudi ni Myahudi hata kwa sheria ya marabi wenyewe, yaani walimu wa dini yao, aombe asiombe. Nikupe mfano wa nyumbani. Mimi nina mjomba, kanisani hajakanyaga tangu kipaimara. Ukimuuliza habari za Mungu anabadilisha mazungumzo. Lakini Desemba 24 usimtafute Dar, yuko barabarani na watoto, foleni ya Moshi ile tunayoijua wote. Atafika kihambani, atasafisha makaburi ya wazee chini ya migomba, mbuzi atachinjwa, mbege itanywewa, na atawaonyesha watoto jiwe alilokuwa anakaa babu. Mwambie kwamba anaigiza uone. Anafanya kwa moyo wote, na Uchaga wake haupimwi kwa mahudhurio ya ibada.

Kwa idadi: utafiti wa kituo cha Pew wa mwaka 2020 ulikuta kati ya Wayahudi watu wazima wa Marekani, 27% wanasema hawana dini. Wanaomwamini Mungu kama alivyoelezwa kwenye Biblia ni 26% tu. Lakini 62% walikaa kwenye meza ya Pasaka mwaka uliotangulia, na 46% walifunga angalau sehemu ya Siku ya Upatanisho, Yom Kipur. Linganisha hizo namba utaona kuna watu wengi sana mezani ambao hawamwamini yule aliyeiamuru meza yenyewe.

Na si jambo la jana. Mwanafalsafa Spinoza alitengwa na jumuiya ya Wayahudi wa Amsterdam mwaka 1656 kwa mawazo yake. Mwaka 1897 pale Vilna (leo Vilnius, Lithuania) kilianzishwa chama cha wafanyakazi wa Kiyahudi kilichoitwa Bund, watu wa ujamaa, wenye kupenda Kiyidishi chao, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, na wasiotaka kusikia habari za marabi. London na New York miaka ile kulikuwa na vijana walioandaa dansi na karamu usiku wa Yom Kipur makusudi, wenzao wamefunga.

Baba yake Bibi alitoka kwenye kundi hilo. Fundi cherehani, alifika Detroit mwaka 1921. Bibi alisema baba yake kila Yom Kipur alikaa kibarazani anakula mkate mchana kweupe, majirani wanapita kwenda sinagogi. Pasaka akibaki chumbani anasoma gazeti, mama na watoto ndio wanaofanya. Basi vita vile ambavyo Wanazi wa Ujerumani waliua Wayahudi kwa mamilioni vikaisha mwaka 1945, barua zikaanza kufika. Alikuwa ameacha Bialystok kaka na dada sita. Hakubaki hata mmoja. Pasaka iliyofuata aliingia sebuleni bila kusema neno, akavuta kiti, akakaa. Kwa Mungu hakurudi mpaka anakufa. Mezani alirudi, na hakukosa tena hata mwaka mmoja.

Ndiyo maana Hagada ile ya pini ilikuwa na ukurasa wa watu wa Warsaw. Wayahudi waliofungiwa kule walianza kupigana na Wajerumani tarehe 19 Aprili 1943, mkesha wa Pasaka. Bibi alikuwa anasoma ukurasa ule mwenyewe, hampi mtu mwingine.

Mtumishi, umeuliza kinabaki nini. Wanabaki hao.

#5 – Mdau wa Tanga

Assalaam alaikum wakuu. Sisi kwetu kisa hiki kina siku yake. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta Mayahudi wamefunga siku ya Ashura. Alipowauliza wakasema ni siku Mwenyezi Mungu alipomwokoa Musa na Firauni. Akasema sisi tuna haki zaidi kwa Musa, akafunga na akaamrisha kufunga. Mpaka leo tunafunga.

Swali langu, dada: hao wazee wako wanasema bahari haikupasuka? Na kama haikupasuka, wanawasimulia vipi watoto?

#6 – Mleta uzi

Wa alaikum salaam. Asante sana kwa hilo la Ashura. Bibi nilimsimulia baadaye, akaniambia niandike kwenye ukurasa wa nyuma wa Hagada yake, na niliandika.

Kuhusu bahari: ndiyo, wanasema haikupasuka, na wanawaambia watoto hivyohivyo. Wengine wasomi kabisa. Kuna jiwe la Farao Merneptah, limechimbuliwa Misri mwaka 1896, lina zaidi ya miaka 3,200, ndiko jina Israeli linakosomwa kwa mara ya kwanza tunayoifahamu. Linawataja kama watu ambao tayari wako Kanaani. Habari za watumwa wengi kutoka Misri na kuzunguka jangwani miaka arobaini, wachimbaji hawajakuta alama yake kwenye ardhi. Na si wasioamini peke yao wanaosema. Pasaka ya mwaka 2001 rabi David Wolpe, mtu wa dini kabisa, alisimama mbele ya waumini wake Los Angeles akawaambia kwamba jinsi Biblia inavyosimulia kutoka Misri, sivyo ilivyotokea, kama kulitokea kitu. Maneno yale yalizua kelele kubwa.

Sasa wanawasimulia vipi watoto? Hapa naomba mnisikilize, maana ndipo mimi mwenyewe nilipofunguka.

Pasaka ya pili, mwaka 2016, kabla ya wageni kufika Bibi aliniuliza kwetu bibi anaanzaje hadithi. Nikamwambia: mwenye hadithi anaita "Hadithi! Hadithi!" na watoto wanajibu "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Akataka kila neno. Nikamtafsiria: wanaiita hadithi ije, wanauita uongo uje, wanaomba utamu ukolee. Yule mzee aliweka chini kisu alichokuwa anamenyea matofaa. Akaniuliza: "Watoto wanasema uongo njoo, wakijua ni uongo, halafu wanasikiliza?" Nikamwambia wanasikiliza mpaka mbu wanawamaliza. Akasema, "Nimetafuta maneno hayo maisha yangu yote."

Usiku ule, kabla mjukuu hajauliza maswali yake, Bibi aligonga glasi akanitaka nisimame niwafundishe. Watu ishirini wa Michigan, wengine maprofesa, wanaitikia "hadithi njoo" na ndimi zinagoma kwenye "njoo". Kisha wakaisimulia habari ya Musa kuanzia mtoni hadi baharini.

Mimi nilikua naambiwa kuna namna mbili tu: kisa ni kweli, ukiamini, au ni uongo, ukitupe. Kumbe kwenye mkeka wa bibi yangu Kibosho nilishakuwa na namna ya tatu na sikuijua. Sungura hakuwahi kuzungumza na fisi, na hakuna hata mmoja wetu aliyeondoka pale bila kujua mwenye nguvu anavyodanganywa na mdogo mwenye akili.

#7 – Mtumishi, Mbeya

Hapana dada. Hapo umevuka. Kumlinganisha Musa mtumishi wa Mungu na sungura na fisi, na kuimba "uongo njoo" juu ya Neno? Hilo mimi kama mkristo limeniuma. Nasema kwa upendo.

#8 – Mleta uzi

Mtumishi, nimesikia, na sitaki likuume bure. Mimi bado naamini, na Jumapili nipo kanisani. Sikuandika kukuambia Musa ni sungura. Nimeandika jinsi wale walivyoisimulia na kwa nini sikuona dharau ndani yake. Mtu anayedharau kisa hapigi pasi kitambaa akiwa na miaka 84 na mikono inatetemeka, kwa maana kile kitambaa alikataa nisipige mimi.

Halafu kubishana na maandiko kwao si uasi. Hagada yenyewe ya kale ina watoto wanne: mwenye hekima, mwovu, mnyofu, na asiyejua kuuliza. Mwovu anauliza, "Ibada hii ina maana gani kwenu ninyi?" Kwenu, yaani yeye hayumo. Anakemewa vikali. Lakini angalia, hawajamtoa nje. Kitabu cha dini, kinachosomwa karne na karne, kimemwekea nafasi mezani mtu anayepinga meza. Bibi akifika hapo alikuwa anasema, "Huyu ni baba yangu," anageuza ukurasa.

Na kuna kisa kwenye Talmudi, mkusanyiko wa kale wa mijadala ya marabi, ambacho Bibi alikipenda kuliko vyote. Marabi walibishana juu ya tanuri, kama ni safi kisheria au najisi. Rabi Eliezer peke yake anasema ni safi, wengine wote wanasema najisi. Alitoa hoja zote wakakataa. Akasema, kama nina haki, mti huu wa kharubu uthibitishe, na mti ukang'oka ukasogea. Wakamwambia mti si ushahidi. Akasema maji yathibitishe, yakarudi nyuma. Wakasema maji si ushahidi. Kuta za chuo zikainama, rabi Yehoshua akazikemea, "Wenye elimu wakibishana, ninyi inawahusu nini?" Zikabaki zimeinama hivyo, hazikuanguka kwa heshima ya mmoja wala hazikunyooka kwa heshima ya mwingine. Mwisho sauti ikatoka mbinguni: Eliezer ndiye mwenye haki. Rabi Yehoshua akasimama kwa miguu yake akasema sheria haiko mbinguni tena. Ilishashuka Sinai, sasa wanaamua wengi waliopo duniani. Baadaye rabi mmoja alikutana na nabii Eliya akamuuliza Mungu alifanya nini saa ile. Eliya akasema, alicheka, akasema wanangu wamenishinda.

Wanaokipenda kisa hiki wengi huishia kwenye kicheko. Bibi hakuishia hapo. Alisimulia hadi mwisho wake: walimtenga Eliezer, na siku alipopewa habari alivua viatu, akakaa chini, machozi yakamtoka. Bibi alisema wengi wakishinda lazima mtu aangalie nani analia. Na hapa mezani kwetu, Mtumishi, sitaki uwe Eliezer. Karibu uendelee kunibishia.

#9 – Mdau wa Iringa

Naongeza kidogo. Mimi nilikwenda Israel kwa mafunzo ya kilimo, bonde la Arava, miezi kumi na moja. Kule wasioshika dini wanaitwa hiloni, na ni wengi sana. Siku ya Yom Kipur nchi inasimama. Hakuna gari barabarani, uwanja wa ndege umefungwa. Wenye dini wako sinagogi, na wasioshika dini watoto wao wanatoka na baiskeli barabara kuu, lami yote yao. Nilisimama katikati ya barabara ambayo jana yake usingeweza kuvuka, nasikia cheni za baiskeli na sauti za watoto basi. Mwenyeji wangu alikuwa haamini kitu, na hakuwasha gari wala redio siku nzima. Alisema hakuna sheria inayomkataza kuendesha, hawezi tu.

Kingine ni sikukuu ya majuma, Shavuoti, ile ya malimbuko. Kwenye kibutsi, kijiji cha kilimo cha ushirika, wanapamba matrekta na marobota ya majani, wanapita mbele ya watu, maziwa, tende, pilipili hoho, kila idara na mazao yake. Mwishoni wanapita wazazi wamebeba watoto waliozaliwa mwaka ule. Nao ni malimbuko. Nilitokwa na machozi na mimi ni mwanaume.

Mzee mmoja pale alinieleza kwamba waanzilishi wa kibutsi, kuanzia Degania mwaka 1910, wengi walikuwa vijana waliokimbia nyumba za dini. Wakaandika Hagada zao upya, Mungu wakampunguza au wakamtoa, wakaingiza mvua, masika na Wimbo Ulio Bora. Yaani wakairudisha sikukuu shambani.

#10 – Mdau wa Mombasa

Hapo kwa trekta nimeelewa kitu. Sasa tuambie vyakula bana, hiyo wiki ya bila mkate wali unaliwa? Na ile ya mishumaa, Hanuka, nayo wanaifanya?

#11 – Mleta uzi

Kaka wa Iringa, hongera, hiyo ya watoto sikuijua.

Wali: inategemea wazee wako walitoka wapi. Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki na kati hawali wali, mahindi wala maharage wiki ile. Wa Iraki na Yemeni wengi wanakula. Mkwe wa Bibi ni wa asili ya Iraki. Nikampikia wali wa nazi siku ya tatu, akala sahani mbili. Bibi alikaa pembeni na matza yake kavu akakataa hata kijiko. Nikamwambia, Bibi, nani atakuona? Akasema mama yake. Na mama yake alifariki mwaka 1970.

Hanuka wanaifanya sana. Mishumaa minane kwa usiku nane, na mmoja wa tisa wa kuwashia wenzake. Viazi vinakunwa, vinachanganywa na kitunguu na yai, vinakaangwa kwenye mafuta mengi. Watoto wote wanaambiwa muujiza wa mafuta ya siku moja yaliyowaka siku nane hekaluni. Wakatoliki humu mna kitabu cha Wamakabayo kwenye Biblia yenu, kisomeni: kuna vita dhidi ya mfalme Antioko, kuna kutakaswa kwa hekalu, hakuna muujiza wa mafuta. Huo unasomwa kwenye Talmudi, karne nyingi baadaye. Bibi aliwaambia wajukuu yote mawili. Na aliwaambia jambo gumu zaidi, kwamba Wamakabayo walipigana pia na Wayahudi wenzao waliopenda mambo ya Kiyunani, shule zao, michezo yao. "Watu kama sisi," alisema. "Siku ile tungekuwa upande wa pili." Halafu anawasha mshumaa. Wajukuu wakubwa walikuwa wanamkatalia, inaanza mijadala hadi viazi vinapoa.

Nilisahau kuwaambia walikosoma haya. Mwaka 1963 hapohapo kwenye viunga vya Detroit, rabi Sherwin Wine aliyesomea kazi yake kwenye chuo rasmi cha marabi alianzisha jumuiya na familia chache, wakakubaliana waondoe kwenye ibada kila neno wasiloliamini. Wakabaki na sikukuu, nyimbo, ndoa, mazishi, bila maombi kwa Mungu. Magazeti ya nchi nzima yaliandika habari zake. Bibi na mumewe walijiunga miaka ileile. Nilimpeleka pale mara nyingi kwa kiti cha magurudumu. Torati yao, ile ya kukunja, ilikuwa imewekwa maktaba pamoja na vitabu vingine. Na ukutani mahali ambapo sinagogi lingine lingeweka sanduku la Torati, kulikuwa na neno moja kubwa la Kiebrania: adam. Bibi akanieleza maana yake ni mwanadamu. Nikamwambia Bibi, hilo neno nalijua, tunalitumia kila siku: binadamu. Mwana wa Adamu. Alinifanya nilirudie mara tatu.

#12 – Mdau wa Mbale, Uganda

Nimefuatilia kwa makini. Huku kwetu tuna Abayudaya, hawa ni Wayahudi wa kuamini kabisa, tangu kiongozi wa huku, Semei Kakungulu, alipoanzisha jumuiya yao mwaka 1919. Idi Amin aliwapiga marufuku, wakawa wanaomba kwa kujificha. Ndugu zangu Watanzania, jeshi lenu liliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Jioni ile ilikuwa usiku wa kwanza wa Pasaka. Wazee wa Abayudaya wanasimulia hadi leo. Kwao Farao wanamjua jina na sura.

#13 – Mleta uzi

Ndugu wa Mbale, nimesoma mara mbili nikaamka kwenye kiti. Baba yangu mdogo alikuwa kwenye msafara ule. Hajawahi kuambiwa hili. Leo usiku nampigia simu.

#14 – Mtumishi, Mbeya

Dada, sijabadili msimamo wangu juu ya "uongo njoo". Lakini yale matone kumi nimeyafikiria tangu juzi. Jumapili nina zamu ya kuhubiri na andiko ni Kutoka 14. Wamisri wanazama hapo. Nitawaambia washarika habari ya divai.

Huyo Bibi yupo?

#15 – Mleta uzi

Mtumishi, ahsante. Umenifurahisha kuliko ninavyoweza kuandika.

Alifariki Novemba 2018, nyumbani, asubuhi, mimi na binti yake tumemshika. Alizikwa kesho yake kwenye sanduku la mbao tupu, na sisi wenyewe tukatia udongo kwa koleo, zamu kwa zamu. Hakukuwa na sala. Mwanawe alisoma majina ya wale sita wa Bialystok, kisha jina la mama yake, kisha la Bibi. Mimi nikahamia jimbo lingine kwa kazi.

Pasaka iliyopita binti yake alinitumia ujumbe wa sauti wa sekunde arobaini. Unasikia vyombo, watu wanazungumza, halafu glasi inagongwa. Yule mjukuu aliyekuwa na miaka sita sasa ana sauti nzito ya kijana. Anaita "Hadithi! Hadithi!" Wanamjibu wote kwa pamoja. Kwenye "njoo" bado wanasema "nijo".